Mimir wa mchezo wa God of War hakupotoshwa pale ilipodaiwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nijibu makala iliyochapishwa katika safu ya utamaduni ya gazeti hili, ambamo mwandishi aliushutumu mchezo wa video wa God of War kwa kuvichezea visasili vya Skandinavia, akamtoa Mimir kuwa mfano wake mkuu. Kwa maelezo yake, mzee aliyesifika kaskazini kwa hekima amegeuzwa kichwa cha kuchekesha kinachoning'inia kiunoni mwa shujaa wa Kigiriki, na huo ni upotoshaji wa urithi wa watu. Nimeusoma uchambuzi huo kwa makini, na mchezo wenyewe nimeucheza hadi mwisho, sehemu ya mwaka 2018 na ile ya 2022. Nakubaliana na mwandishi kwamba kuna kitu kimepotea, lakini hakikupotea pale anapopaonyesha, na lawama zake zinawaangukia watunzi kwa jambo ambalo kwa maoni yangu wamelifanya vizuri kuliko mengine yote.

Nianze na kichwa, kwa kuwa ndicho kilichomuudhi. Kichwa kisicho na kiwiliwili hakikubuniwa na studio ya Santa Monica huko California. Kimo katika Ynglinga saga, sehemu ya mwanzo ya historia ya wafalme wa Norwe iliyoandikwa na Snorri Sturluson, mwanasiasa na mshairi wa Iceland aliyeuawa mwaka 1241. Snorri anasimulia kwamba koo mbili za miungu, Æsir na Vanir, zilichoka kupigana zikapatana, na kila upande ukatoa watu wake wakakae kwa wenzao kama dhamana ya amani. Vanir walimtoa Njörðr na mwanawe Freyr. Æsir wakamtoa Hœnir, mtu wa umbo la kupendeza aliyesemekana kuwa anafaa sana kutawala, wakamfuatanisha na Mimir, mwenye akili kuliko wote. Hœnir akapewa uchifu papo hapo. Mimir alipokuwepo kando yake mambo yalikwenda vizuri. Alipokosekana barazani na shauri gumu likaletwa, Hœnir alikuwa na jibu moja tu, kwamba wengine na waamue. Vanir wakashuku kuwa wamepunjwa, wakamkamata Mimir, wakamkata kichwa, wakakirudisha kwa Æsir. (Kwa nini aliadhibiwa mwenye akili na kuachwa bwana mkubwa asiyejua kuamua, Snorri haelezi, waliowahi kufanya kazi maofisini huenda wasihitaji maelezo.) Odin, mkuu wa Æsir, akakipaka kichwa kile mitishamba ili kisioze, akakisomea maneno ya uganga, nacho kikawa kikisema naye na kumfunulia siri nyingi.

Zaidi ya hapo, habari za Mimir ni chache na hazipatani. Katika Edda, ambayo ni kazi ya Snorri huyohuyo, Mimir ni mwenye kisima kilicho chini ya mmoja wa mizizi ya mti mkubwa Yggdrasil, hunywa maji yake kwa pembe iitwayo Gjallarhorn, na Odin alipotaka kuonja tone moja hakupewa mpaka alipoweka jicho lake rehani. Makala yenu ilisema kuwa Mimir ndiye aliyepoteza jicho katika hadithi za kale, jambo ambalo si kweli: hilo limo katika mchezo, si katika Edda. Tena, katika Edda hiyohiyo, vita vya mwisho vinapokaribia, Odin anapanda farasi kwenda kisimani kushauriana na Mimir, kana kwamba shingo ya mzee huyo haijawahi kuguswa na upanga. Mwandishi mmoja, vitabu viwili, na Mimir wawili. Isitoshe, Iceland ilikuwa imepokea Ukristo mnamo mwaka 1000, yaani zaidi ya karne mbili kabla ya Snorri kushika kalamu, na yeye mwenyewe alikuwa Mkristo aliyekuwa akiyaandika mambo ya mababu zake. Anayesema kwamba watunzi wa leo wamemharibu Mimir wa asili anapaswa kwanza kutuonyesha Mimir wa asili ni yupi.

Lakini si kupingana kwa vyanzo kunakonivutia zaidi katika jambo hili. Vyanzo vyote vinasema Mimir alikuwa na maarifa makubwa, na karibu vyote vinanyamaza kuhusu kilichosemwa. Snorri anatuambia siri nyingi zilifunuliwa, kisha anaendelea na mambo mengine. Utenzi wa Sigrdrífumál unakaribia zaidi, kwani unaeleza kuwa kichwa cha Mim (ndivyo Mimir anavyoitwa humo) kilitamka neno lake la kwanza la hekima na kutaja alama za kweli za runi, yaani herufi za kale za kaskazini, lakini hata humo sauti yake inamezwa mara moja na orodha ya mahali alama hizo zinapochongwa. Msomaji anaonyeshwa sanduku lililojaa dhahabu na haruhusiwi kushika hata sarafu moja. Hapo ndipo watunzi wa mchezo walipoingia. Thor, mungu wa radi, ana visa vingi na maneno mengi, na ukimgeuza utagombana na visa hivyo. Mimir alikuwa na cheo cha msemaji asiye na usemi, na nafasi iliyo tupu haigombani na mtu.

Katika sehemu ya 2018 wachezaji wanamkuta Mimir juu ya kilele cha mlima akiwa amefungwa ndani ya mti, ambamo Odin amemtesa kwa majira ya baridi 109. Anajitambulisha, bila kuona haya, kuwa ndiye mwenye akili kuliko wote walio hai, kisha anamwomba Kratos, yule shujaa wa Kigiriki, amkate kichwa na akipeleke kwa mtu anayeweza kukihuisha. Mtu huyo ni Freya, mungu wa kike wa ukoo wa Vanir. Watunzi wamebadilisha mkono ulioshika silaha na mkono ulioshika mitishamba, na mabadiliko hayo hayakufanywa ovyo. Katika hadithi ya Snorri Mimir alitolewa ili vita vya Æsir na Vanir viishe. Katika mchezo yeye ndiye mshauri aliyepanga ndoa ya Odin na Freya ili vita hivyohivyo viishe. Aliyekuwa dhamana ya amani amekuwa mshenga wa amani, na kama ilivyo kwa Snorri, mpango huo unaishia kumgeukia yeye mwenyewe. Freya anakitemea mate kichwa kile, na aliyeisoma Ynglinga saga anaelewa kwamba ugomvi huu wa Vanir na Mimir una mizizi mirefu.

Sehemu ninayoipenda zaidi, ambayo makala haikuigusa, ni ile ya mtumbwini. Kabla ya kumpata Mimir, Kratos na mwanawe Atreus wanapovuka ziwa kubwa lililo katikati ya mchezo, mtoto humwomba baba hadithi, na baba hutoa kisa cha sentensi chache kikavu mno hata mtoto hulalamika. Mimir akishaning'inizwa mkandani, ziwa lilelile hupata msimulizi. Hueleza habari za majitu, za Thor, za Odin na tamaa yake ya kujua yajayo, kwa sauti ya mwigizaji Alastair Duncan na kwa lafudhi ya Kiskoti. Ukitia nanga kabla hajamaliza, hukatiza kwa heshima na kuahidi kuendelea. Ukirudi mtumbwini baada ya kupigana na kuzunguka nchi kavu, hukumbuka alipoachia na kuendelea kutoka hapo. Kuna siku nilikaa katikati ya maji bila kupiga kasia, nikimngoja amalize. Huo ndio uchekeshaji uliolaumiwa. Ni kweli kwamba anatania, tena sana, lakini karibu kila anachokitania kina habari ndani yake, na kwa wachezaji wengi vijana hiyo ndiyo mara ya kwanza kusikia majina ambayo yamehifadhiwa katika miswada ya Reykjavík.

Sehemu ya 2022 inakwenda mbali zaidi, kwa kuwa inamuuliza Mimir alizitumiaje akili zake alipokuwa mtumishi wa Odin. Katika nchi ya vibete kuna Lyngbakr, mnyama wa baharini mkubwa kama kisiwa, ambaye naye ametoka katika masimulizi ya kale ya Iceland, katika saga ya Örvar-Oddr, ambamo mabaharia humdhania kuwa nchi kavu iliyoota vichaka. Mimir anakiri kwamba yeye ndiye aliyemtia minyororo mnyama huyo ili amfurahishe Odin. Anamsihi Kratos amfungue, minyororo inakatwa mmoja baada ya mwingine, na mnyama haendi popote, kwa kuwa ameshazoea kifungo. Hakuna utani wowote hapo. Sijui mwandishi wa makala angeiitaje sehemu hiyo, kama aliifikia.

Wahusika wengine wadogo wametendewa vivyo hivyo, ingawa kwa mafanikio tofauti. Angrboda, ambaye vyanzo vinamtaja kidogo sana na hasa kama mama wa mbwa mwitu Fenrir, amekuwa msichana mchoraji anayetunza kumbukumbu za watu wake, na nafasi yake ni nzuri ingawa ni fupi mno. Ratatoskr, kindi anayepeleka matusi juu na chini ya Yggdrasil, amebaki karibu alivyokuwa.

Sasa nije kwenye kilichopotea. Washairi wa kale walikuwa na namna ya kumtaja Odin kwa kuzunguka jina lake, na mojawapo ya namna hizo ni kumwita rafiki wa Mim. Egill Skallagrímsson aliitumia katika karne ya 10, katika shairi la kuwaomboleza wanawe, na kwake haikuhitaji maelezo. Ukirudi kwa Snorri ukiwa na jina hilo akilini, ile mitishamba na yale maneno ya uganga yanabadilika sura: huyu ni mtu aliyerudishiwa kichwa cha mwenzake naye akakataa kukizika, kwa uchungu na kwa choyo kwa pamoja, asitake kupoteza ama rafiki ama maarifa. Katika utenzi wa Völuspá, pembe ya Heimdall, mlinzi wa miungu, inapolia na mti mkubwa unapotetemeka, Odin anazungumza na kichwa hicho. Mchezo haukuweza kuyabeba hayo, kwa kuwa ulihitaji Odin awe dhalimu na mtesaji tangu mwanzo, na matokeo yake ni kwamba vita vinapofika, kichwa kimo upande wa maadui zake na Odin hana wa kumuuliza. Mimir alipewa usemi, na katika kupewa huko akanyang'anywa rafiki pekee ambaye vyanzo vinamtaja. Kama mwandishi wenu angeanzia hapo hoja yake ya upotoshaji, nisingeandika barua hii.

Ni mimi msomaji wako,
Morogoro