Pedi za breki za mteremko wa Kyela

Kinyerezi, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Shoga yangu Mama Salma,

Salamu nyingi kwako, kwa watoto na kwa shemeji. Sisi huku hatujambo, joto tu ndilo linatutesa, usiku hata shuka halifuniki.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya tatu nilijifungia chumbani ili niusikie vizuri ule mlio wa breki za Toyota IST yako. Fundi wako anasema ni vumbi, litaondoka mvua ikinyesha. Mimi siamini. Pedi nyingi zina kijibati kidogo kilichowekwa makusudi pembeni. Pedi ikilika ikabaki nyembamba, kile kijibati kinagusa diski, lile sahani la chuma linalozunguka na gurudumu, na kutoa mlio mwembamba kama huo, ili mwenye gari ajue mapema. Mwambie avue tairi mbele ya macho yako akuonyeshe. Pedi mpya ile sehemu nyeusi inayosugua diski huwa na unene wa kama milimita 10 au zaidi kidogo. Ukikuta zimebaki 3, usisubiri mwisho wa mwezi. Na mlio ukigeuka kuwa wa kukwaruza, kama jiwe linasagwa, gari liegeshe hapohapo, maana hapo ni bati linakula diski.

Sasa swali lako, kwamba umewekewa maboksi matatu ya pedi kaunta na fundi anasema chukua ya bei ya chini, zote zinashika. Kabla sijakujibu nikusimulie jambo ambalo sikukusimulia wakati ule kwa sababu ulikuwa na mimba na sikutaka kukutia hofu.

Mwaka juzi tulikwenda msibani Njombe, mimi, mama na watoto wawili. Wiki mbili kabla ya safari nilikuwa nimebadilisha pedi za mbele. Nilichukua za bei ya chini, boksi zuri linalong'aa, muuzaji akaniapia ni orijino. Nikazunguka nazo mjini, zikashika vizuri kabisa. Kutoka Kinyerezi hadi Buguruni kwenye foleni unakanyaga, unaachia, unasimama. Breki hazipati hata nafasi ya kuchemka. Wakati wa kwenda tulipandisha mlima Kitonga bila tatizo. Ni wakati wa kurudi, tunauteremka mlima kutoka upande wa Ilula kuja Ruaha Mbuyuni, ndipo nilipojua nimenunua nini.

Mbele yetu lilikuwepo lori linashuka polepole, nami nyuma yake mguu umekaa kwenye breki muda wote. Hilo lilikuwa kosa langu, nitakuja kulieleza. Harufu ikaanza, kama kitambaa kinachoungua. Mama akauliza kinaungua nini, nikamwambia ni lile lori. Kona iliyofuata nikakanyaga, pedeli ngumu kama ubao, gari halipungui. Nikakanyaga kwa miguu miwili, likapungua kidogo mno. Nikashusha gia hadi 2, injini ikanguruma, gari likaanza kutii, nikaliingiza pembeni palipokuwa na nafasi. Moshi ulikuwa unatoka kwenye magurudumu yote mawili ya mbele. Dereva wa lori aliyekuwa ameegesha pale alikuja mbio, akanizuia nisimwagie maji, kwa sababu diski ya moto ikimwagiwa maji inaweza kupinda au kupasuka. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima. Mama hakusema neno hadi Mikumi.

Dar, fundi mwingine alipozivua, kingo zake zilimomonyoka mkononi kama biskuti, na pedi moja ile sehemu nyeusi ilikuwa imeanza kubanduka kwenye bati lake. Nikiwaza kwamba ingebanduka yote pale kwenye kona, hadi leo naishiwa nguvu.

Ndiyo maana "zote zinashika" silikubali. Zote zinashika zikiwa baridi, kwenye barabara tambarare. Wewe hukai Tabata. Wewe unatoka Tukuyu kupanda hadi Uyole kwenye ukungu, na kila mwisho wa mwezi unateremka Kyela kwa wakwe, gari limejaa watu na mikungu ya ndizi, halafu unarudi na magunia ya mchele. Kuna simulizi ninayoipenda ya Herbert Frood, Mwingereza aliyeanzisha Ferodo, kampuni ya pedi za breki, mwaka 1897. Inasemekana aliwaona waendesha mikokoteni ya farasi wa milima ya Derbyshire wakipigilia ngozi za viatu vikuukuu kwenye mbao zao za breki ili washuke salama, akaanza kutafuta kitu bora zaidi. Mteremko ulikuwa hapo tangu mwanzo, Mama Salma. Kwa hiyo wewe unapochagua, chagua kwa ajili ya ile siku ya Kyela.

Pedi hutofautiana kwa kilichomo ndani. Kuna zile laini za nyuzinyuzi na gundi zisizo na chuma kingi: kimya, haziumizi diski, ila za bei duni zinalika upesi na zikipata moto zinaishiwa nguvu, kama zangu. Kuna zenye chuma, ambazo chuma kinaweza kufika nusu ya uzito wake au zaidi. Hizo huvumilia joto vizuri, lakini zina kelele, zinatoa vumbi jeusi kwenye rimu na zinakula diski. Halafu kuna za seramiki, tulivu, vumbi kidogo. Uliniambia muuzaji amekusisitizia neno seramiki. Sikiliza, hilo neno yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuliandika kwenye boksi. Nimeona pedi za seramiki nzuri sana na nimeona nyingine ambazo ni jina tu. Usinunue neno.

Nunua maandishi yaliyo kwenye pedi yenyewe. Mwombe muuzaji afungue boksi, akikataa ondoka. Geuza pedi utazame ubavuni na nyuma ya bati. Pedi ya mtengenezaji anayejiheshimu ina mstari wa herufi na namba, na ndani ya mstari huo mara nyingi kuna herufi mbili zilizokaa pamoja, kwa mfano EE, FF au GG. Ya kwanza inaeleza inavyoshika ikiwa na joto la kawaida, ya pili inavyoshika ikichemka. E ni kipimo cha msuguano cha kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwako wewe nataka herufi ya pili isiwe chini ya ya kwanza. FE inakwambia wazi kwamba ikipata moto inapungua, na hiyo ndiyo ya kukuangusha njia ya Kyela. FF inakutosha. Herufi hizo hazisemi pedi itadumu miezi mingapi wala kama itapiga kelele, lakini jambo kubwa zaidi zinalisema. Ukikuta pia alama ya E ndani ya duara pamoja na 90R, ujue imepita kipimo cha Ulaya kinachotaka nguvu yake isipishane na ya pedi ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15. Pedi isiyo na andiko lolote, bati tupu lililopakwa rangi, iache hata kama ni ya bure. Zangu zilikuwa hivyo, na sikugeuza kuangalia.

Ukitaka ya Toyota yenyewe, namba za pedi za mbele huanza na 04465, na viatu vya breki vya nyuma vile vya ndani ya dramu, ile ngoma ya chuma, huanza na 04495. Usimwambie muuzaji "nipe za IST" halafu basi. Kuna NCP60 ya cc 1300, kuna NCP61 ya 1500 na kuna NCP65 inayovuta miguu yote minne. Chukua kadi ya gari, msomee namba ya chesisi yote, yeye atafute kwa hiyo. Akebono na Advics nao ni Wajapani wanaotengenezea viwanda vya magari, kwa hiyo wakikosekana wa Toyota hao nawaamini, ilimradi si feki. Boksi la feki huwa na herufi zilizokosewa au chapa iliyofifia, na pedi nne za ndani unakuta hazifanani rangi wala unene.

Yupo pia atakayekuuzia pedi za mtumba zilizotolewa kwenye magari ya Japani, akikwambia orijino ya Japani iliyotumika ni bora kuliko mpya ya hapa. Kwa taa au mlango nitamkubalia. Kwa pedi hapana, hujui kama ziliwahi kumwagikiwa oili, na zimeshazoea diski ya gari jingine.

Na usije ukashawishiwa na pedi za magari ya mashindano kwa sababu una milima. Zile zinataka zichemke kwanza ndipo zishike. Asubuhi ya baridi ya Tukuyu, mtoto akikatiza barabara hujafika hata mita mia kutoka nyumbani, zitakusaliti.

Siku ya kufunga, kaa hapohapo gereji, usiende kunywa chai. Zibadilishwe kulia na kushoto kwa pamoja, kamwe si upande mmoja. Pini ambazo kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, inatelezea zisafishwe na zipakwe grisi ya breki, si ile grisi ya beringi, maana pini ikiganda pedi moja inalika na mwenzake inabaki nzima. Diski ipimwe, unene wa mwisho unaoruhusiwa huwa umegongwa juu ya diski yenyewe, na ikiwa imeshafika hapo haichongwi, inabadilishwa. Dramu za nyuma zifunguliwe pia, watu huzisahau miaka na miaka.

Mafuta ya breki nayakazania kuliko yote hayo. DOT 3, aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya huchemka ikifika nyuzi 205, lakini hunyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo, na ikishanyonya kiasi kile wanachopimia, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi nyuzi 140. Rungwe mvua haikati, unajua mwenyewe. Yakichemka yanafanya mvuke, na hapo pedeli haiwi ngumu kama yangu ya Kitonga, inakuwa laini na kuzama hadi chini. Soma kwenye kifuniko gari linataka aina gani, na kama yamekuwa meusi au yamepita miaka miwili yabadilishwe yote. Asikuwekee oili nyingine yoyote, inaharibu mipira.

Kabla hujaondoa gari gereji, kanyaga pedeli mara kadhaa hadi ijae. Baada ya kufunga pedi mpya mkanyago wa kwanza hauna kitu kabisa, na wapo walioingia ukutani humohumo gereji. Halafu tafuta barabara tambarare isiyo na watu, nenda kama kilomita 50 kwa saa, punguza taratibu hadi 10 bila kusimama, achia, rudia kama mara kumi, kisha tembea kidogo bila kukanyaga ili zipoe. Kilomita 300 za mwanzo usizibane kwa nguvu ila ikibidi. Na usizifunge Ijumaa jioni ukateremka nazo Kyela Jumamosi asubuhi, tafadhali.

Mteremkoni sasa. Weka gia 2 kabla mlima haujaanza, injini ikushikilie. Breki kanyaga kwa nguvu kidogo, punguza, achia kabisa zipumue, kanyaga tena. Usifanye kama nilivyofanya, mguu juu muda wote.

Basi, hayo maboksi matatu yaache yalivyo. Nipigie picha kadi ya gari, ile sehemu ya namba ya chesisi. Jumatano nina shughuli Kariakoo, nitapita Gerezani, nigeuze kila pedi kwa mkono wangu, nikutumie picha ya herufi kabla sijalipa. Jioni nitaziweka kwenye basi la Mbeya, utazipokea Alhamisi. Pesa tutahesabiana baadaye. Na huyo fundi wako mwambie ukweli kwamba umeuliza, asione umemdharau. Anaweza kuwa fundi mzuri ambaye hajawahi kushuka mlima na gari lililojaa.

Hadi hapo, safari ya kwa wakwe iahirishe. Mwambie mama mkwe nimekuzuia mimi.

Nisalimie watoto, na mbusu Salma shavu zote mbili.

Wako,
Mama Idi