Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Maadhimisho ya Agosti 23, siku ya kimataifa ya kukumbuka biashara ya utumwa na kukomeshwa kwake, na safari ya Bagamoyo vilifanyika kama kawaida. Mlishiriki, sirudii.

Niseme kuhusu bango, maana maneno yamekuwa mengi. La zamani liliandikwa "Utumwa ulikomeshwa 1873". Nilisimamia mwenyewe liondolewe, na bado nasema ilikuwa sahihi. Mkataba wa Juni 5, 1873, aliotia saini Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, ulipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na ukafunga soko la watumwa la Mkunazini, Unguja. Waliokuwa kwenye mashamba ya mikarafuu hawakuguswa. Mwaka 1897 sheria iliacha kuutambua utumwa Unguja na Pemba, lakini mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kudai uhuru wake, na fidia alilipwa bwana. Masuria, yaani watumwa wa kike waliowekwa kinyumba na mabwana zao, waliachwa nje mpaka 1909. Huku bara Wajerumani waliishia kutamka kwamba watakaozaliwa na watumwa baada ya 1905 ni huru. Utumwa ulifutwa 1922, Waingereza wakitawala. Mwanafunzi wa Temeke akisoma 1873 peke yake ataamini hata huku bara watu walikuwa huru tangu hapo. Hilo siwezi kulikubali.

Bango jipya ni mita 3 kwa moja na nusu. Miaka minne kati ya hiyo imeandikwa kwa tarakimu za sentimeta 25, kila mmoja na mstari mmoja wa maelezo, kwani maandishi madogo hayasomeki kutoka ng'ambo ya barabara. Lina pete za kamba kila nusu mita. La zamani lilikuwa na nne tu za pembeni, upepo ukalichana.

Wanaolalamikia gharama wasikie hesabu: bango 160,000, ukumbi na viti 300,000, mabasi 350,000, jumla 810,000. Wanachama ni 92, ada 24,000, waliolipa 37 tu, yaani 888,000. Waliobaki tunawadai 1,320,000! Mikutano miwili kati ya minne ilivunjika kwa kukosa akidi, na baadhi ya waliokosekana ndio wanaosema hawakushirikishwa. Inaniuma sana.

Mwakani, Mungu akipenda, Machi 21, siku ya kimataifa ya kupinga ubaguzi wa rangi, tutembee hapa Dar es Salaam kutoka Uzunguni kupitia Uhindini hadi Kariakoo, vijana waone jinsi uwanja wa Mnazi Mmoja ulivyoachwa wazi kutenganisha makazi ya watu kwa rangi zao. Shule zinazoshiriki nazo tunatarajia kuziongeza, hali ikiruhusu.

Mweka Hazina yupo mlangoni na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti