Mhariri, sukari ya maandazi ndo ilinifumbua macho

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo ukurasa wa barua. Najua sisi wa huku tukiandika ni viza, nauli ya ndege na michango ya misiba, ila leo nina la hesabu. Nipo Houston, Texas, huu mwaka wa 11, gazeti lenu nalisomea kwenye simu nikiwa mapumziko ya usiku kazini, na wiki juzi kuna msomaji aliandika kwamba wabongo wa Marekani tunaosomeshea watoto nyumbani tunawaharibu, watoto hesabu hawajui wanashinda kwenye laptopu tu. Nilianza kumjibu kwa hasira nikafuta. Mwaka jana huyo msomaji angekuja kwangu bila hodi angekuta kweli.

Ngoja nieleze. Mume wangu anaendesha lori, anaweza kukaa barabarani siku 10, mimi nahudumia wazee zamu ya usiku. Mtoto wetu wa kiume tulimtoa shule akiwa gredi ya 6, sababu tuziache, ni za kifamilia. Texas kufanya hivyo ni rahisi mno, mahakama kuu ya jimbo iliamua mwaka 1994 kwamba shule ya nyumbani inahesabika kama shule binafsi, kwa hiyo hakuna kibali, hakuna mkaguzi, hakuna mtihani wa jimbo, unatakiwa tu ufundishe kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema na uwe na vitabu vya maana. Raha, sio? Ila hiyo raha ndo mtego wenyewe, maana hakuna mtu atakayegonga mlango akwambie mama hapa umechemka.

Na mi nilichemka mapema sana. Tuna grupu la WhatsApp la akina mama wa Kiswahili tunaofundisha nyumbani, tupo majimbo tofauti, na kila mtu anaandika mwanangu yupo Aljebra 1, mwanangu anamaliza Aljebra 1, na wana miaka 12, 13 hao. Kwa asiyejua, huku hesabu za sekondari zimekatwa vipande vipande, mwaka mmoja Aljebra 1, unaofuata Jometri, halafu Aljebra 2, halafu kozi ya kujiandaa na kalkulasi, halafu kalkulasi yenyewe, ndo ya juu kwenye mpangilio huo. Ukipiga hesabu kurudi nyuma, mtoto anayetaka kalkulasi gredi ya 12 inabidi Aljebra 1 aimalize gredi ya 8. Ndo presha inapotokea hapo. Hata shule za serikali za Texas, mwaka 2023 walipitisha sheria kwamba mtoto aliye kwenye asilimia 40 ya juu kwenye hesabu za gredi ya 5 anaingizwa moja kwa moja kozi ya juu gredi ya 6, mzazi ndo aandike kukataa kama hataki. Sasa na wewe upo nyumbani na wako unaona kabisa treni inakuacha.

Basi nikanunua kozi ya aljebra ya onlaini, jina silitaji, hela ilikuwa ya kuumiza, ina vikatuni na mwalimu wa video mcheshi sana. Mtoto ana maksi 94, 96, siku nyingine 100. Nikaposti kwenye grupu, nikapongezwa, nikajiona mwalimu mkuu.

Jumamosi moja nataka kupika maandazi, mgeni ni mmoja tu, nikasema tufanye nusu. Unga vikombe 3, sukari robo tatu ya kikombe. Nikamwita, baba hebu nikatie hii nusu. Unga akasema kikombe kimoja na nusu, sawa. Sukari akachukua karatasi akagawa 3 kwa 2 akapata 1.5, akagawa na 4 kwa 2 akapata 2, akaandika 1.5 juu, mstari, 2 chini. Akanionyesha anatabasamu. Nikamuuliza sasa hiyo ni kikombe kipi hapa mezani? Kimya. Nikamwambia haya, moja na nusu juu ya mbili si ndo robo tatu ileile, umegawa juu umegawa chini umenirudishia sukari yangu yote! Mtoto mwenye 96 ya aljebra, Mhariri.

Usiku ule kazini nikafungua ile kozi kwenye simu nikaifanya mwenyewe. Nikakosa makusudi. Inakwambia jaribu tena, inakuletea swali lilelile wamebadilisha namba tu, na hatua zote zipo pembeni, unaiga unapata. Maksi inayoandikwa ni ya jaribio la mwisho. Mwanangu hakuwa anadanganya, alikuwa anafanya alichoambiwa.

Nikaamua kufundisha mwenyewe kwa wiki mbili wakati natafuta kingine, na hapo nikaumbuka na mimi. Nikamwandikia 10 − 3 + 2. Yeye akasema 9. Mi nikacheka nikamwambia ni 5, MAGAZIJUTO inasema jumlisha kwanza ndo utoe, tatu na mbili tano, kumi toa tano. "Mama, magazi nini?" Nikamweleza mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, tuliimba darasani mpaka koo linakauka. Akaenda akaleta maandazi 10 kwenye sahani, akatoa 3, akarudisha 2, akaniambia hesabu. 9. Nina miaka 41 na nimeimba vile tangu darasa la tano. Kumbe kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, unaenda kushoto kwenda kulia tu kinachotangulia ndo unaanza nacho. Nikamtega na yeye, 24 ÷ 6 × 2. Watoto wa huku nao wana wimbo wao wa mpangilio huohuo, unaitwa PEMDAS, humo kuzidisha kunatajwa kabla ya kugawanya, akazidisha kwanza akapata 2. Jibu ni 8. Tukatoka sare moja moja, ila nililala nawaza, huyu mtoto na mama yake wote wanakwenda kwa nyimbo.

Sasa kuchagua kozi. Wazazi wengi wananiuliza ipi nzuri, na mi nawauliza ushampima? Wakubwa wa vitabu vya hesabu vya nyumbani karibu wote wanatoa testi ya kupimia bure kwenye intaneti, unaprinti, unamkalisha mtoto bila kikokotoo bila simu na wewe unakaa mbali. Mimi nilitumia ya vitabu vya Saxon. Akaangukia kitabu wanachokiita 7/6, yaani kimewekwa kwa mtoto wa kawaida wa gredi ya 7 au mwepesi wa gredi ya 6, na yeye yupo ya 7. Kumbe mtoto wangu ni wa kawaida, wala sio mbumbumbu, ni mimi nilimrusha vitabu viwili mbele, vitatu ukihesabu na kile wanachokiita Aljebra nusu. Baba yake nilivomwambia kwenye simu akanyamaza kidogo akasema, kwa hiyo tumelipa hela ya kumrudisha nyuma? Nikamwambia hela tulishalipa ya kumpeleka mbele asikojua.

Nitasema ukweli kuhusu hicho kitabu, kinachosha. Hakina rangi, hakina katuni, aliyekianzisha, John Saxon, alikuwa afisa mstaafu wa jeshi la anga la Marekani na kwa kweli inaonekana. Somo ni fupi, kurasa chache, halafu yanakuja maswali kama 30 ya mchanganyiko, matatu manne ya leo na yaliyobaki ya wiki iliyopita, mwezi uliopita, mpaka ya mwanzo wa kitabu. Mwanangu alilia wiki ya kwanza, nisidanganye. Lakini hesabu za sehemu, kama ile robo tatu, zinarudi kila siku, KDS (kigawe kidogo cha shirika) inarudi kila siku, namba hasi zinarudi, hakuna pa kujificha, na maksi naweka mimi kwa kalamu nyekundu. Nilikipata kilichotumika kwa bei ya pizza mbili.

Rafiki yangu wa Minnesota binti yake alikataa kabisa kurasa za aina hiyo, wakahamia vitabu vya mfumo wa Singapore, kule tatizo la maneno wanalichora vipande vya mistari, kama Juma ana mara tatu ya Asha unachora kimoja na vitatu, unaona jibu kabla hujaandika x. Nilimkopa kimoja nikampa wangu kwa sehemu na uwiano tu, na ndo kilichomaliza ugomvi wa robo tatu, alichora kikombe akakikata vipande 8. Kuna na vitabu vya hawa Art of Problem Solving, hivyo ni kwa mtoto anayeamka usiku kuwaza hesabu, maswali yao hata mi mtu mzima nilisoma mara tatu sikuelewa naulizwa nini, kama wako sio wa hivo usimtese ili upate cha kuposti. Khan Academy, ile tovuti ya video za masomo, ni bure kabisa na jamaa wa kwenye video anaeleza vizuri, tunaitumia pale kitabu kikitushinda wote wawili, ila video ukiiangalia unahisi umeelewa, halafu shika kalamu uone.

Kitu ambacho hakiandikwi kwenye matangazo yoyote ni kwamba kozi lazima mzazi naye aiweze. Mi narudi saa mbili asubuhi, nalala mpaka saa nane, darasa letu ni saa tisa mpaka saa kumi na nusu. Kozi inayotaka mzazi asome mwongozo wa mwalimu kurasa sita kila siku, hata iwe nzuri namna gani, kwangu itakufa wiki ya pili. Ile ya kompyuta inayojisahihisha yenyewe ilinivutia kwa sababu hiyohiyo, nilikuwa nanunua usingizi. Siku hizi nafanya kitu kimoja tu cha ziada, nachagua swali moja namwambia nifundishe mimi kama vile sijasoma, akikwama katikati najua pa kurudi.

Halafu wale mnaopanga kurudi nyumbani, hili liangalieni mapema. Wifi yangu (wa ndoa, sio wa intaneti) alirudi Mwanza na binti wa miaka 14 aliyemaliza Aljebra 1 kwa A safi. Akaingia kidato cha pili akakuta logarithimu, seti, pembetatu zinazofanana, Paithagorasi, takwimu, vyote mwaka mmoja, maana kwetu hesabu ni somo moja lenye kila kitu ndani, hatukati kama huku ambako logarithimu mara nyingi unakutana nazo Aljebra 2. Milinganyo aliwaacha wenzake mbali, kwingine kote alikuwa anashangaa. Na bado vipimo, mtoto wa huku kakua na inchi, futi na paundi, ukimwambia sentimita anakisia. Kwa hiyo kama safari ipo, chukua mtaala wa Taasisi ya Elimu Tanzania uweke pembeni, uchague kozi inayochanganya aljebra na jometri pamoja, vile vya Singapore vinafanya hivo, usisubiri mpaka tiketi imekatwa.

Kwenye grupu nilipoandika kwamba tumeiacha Aljebra tumerudi kwenye sehemu, kwa dakika kama kumi hakuna aliyejibu, nikajua nimesemwa pembeni. Usiku wakaanza kunifuata inboksi mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa yule aliyekuwa anaposti maksi za mwanae kila Ijumaa, anauliza hiyo testi naiprinti wapi.

Sasa hivi tupo somo la 64. Kama ataanza Aljebra 1 gredi ya 9 badala ya ya 8 basi kalkulasi ataikuta chuo, na watu wanaikuta chuo kila siku. Jumamosi iliyopita nilimpa tena ile sukari bila kumkumbusha, akaniambia ni tatu ya nane, kikombe cha hivo hatuna, akafikiria, akasema robo tatu ni vijiko vikubwa 12 kwa hiyo weka 6. Maandazi yalikuwa na iliki nyingi mno lakini hiyo ni hesabu yangu mimi.

Na yule msomaji wa wiki juzi, kama bado yupo, amletee Mhariri maswali 10 ya hesabu ya darasa la saba, ayachague mwenyewe, magumu anavyotaka. Mwanangu atayafanya Jumamosi, Kiswahili nitamsomea mimi ila kalamu ni yake, na karatasi nitaipiga picha niitume ilivyo, na pale alipokosa.

Mama Junior,
Houston, Texas