Njeri, kabla ya Jumanne

Njeri yangu,

Habari za Nakuru, mama anaendeleaje na magoti? Huku Kisumu tuko salama, joto tu limetumaliza. Nimesikia kwa Akinyi ati Jumanne unampeleka Shiru kliniki ya afya ya akili, ndo nakuandikia mbio.

Unakumbuka vile Otis, mtoto wa dada yangu, alinyamaza baada ya babake kuaga. Kliniki ya kwanza tuliyompeleka, daktari aliongea na dada yangu tu, mtoto ameketi hapo anasikia akiitwa mkaidi, mwishowe akaulizwa kwa Kizungu kama ako sawa, akasema sawa, wakamaliza. Nilikasirika sana Njeri. Wa pili sasa, mama mmoja mpole, alivuta kiti kifupi wakalingana, akamwambia hapa hakuna sindano na hakuna jibu la kukosa, akampa karatasi na kalamu za rangi, akamuuliza anataka lugha gani, Otis akachagua Kijaluo. Akamweleza siri zake zitakaa, ila kukiwa na mtu anamuumiza ama anataka kujiumiza, itabidi wakubwa wajue. Ndo dada akaombwa atoke kidogo. Hakuanza na "kwa nini", alimwambia nieleze siku yako tangu uamke, halafu akangoja, yaani alingoja kweli.

Shika hii sana: alimuuliza wazi kama huwa anafikiria kufa. Dada alitetemeka akidhani wamempandia mtoto wazo. Hapana. Kuna utafiti wa 2005 kwa wanafunzi wa sekondari New York, walioulizwa hawakuumia kuliko wale hawakuulizwa. Na Otis alisema ndiyo, anataka kumfuata baba. Sisi nyumbani hakuna mtu alikuwa amewahi kumuuliza, na tunakula naye kila jioni!

Wanaweza kukupa ile fomu ya maswali 25 kuhusu tabia na hisia za mtoto, unajaza wewe na mwalimu anajaza yake, Shiru na miaka tisa hajafika ya kujijazia, hiyo inaanza 11. Lakini usikubali fomu iwe ndo mazungumzo yote, na wakikuomba utoke, toka. Wakimuuliza hilo la kufa usimkatize, tafadhali. Na njiani usimwambie "umwambie daktari vile unasumbua".

Umeshamwambia mnaenda wapi? Anakula? Usiku analala ama bado anaamka? Baba Shiru anasemaje, atakuja ama ni wewe tu? Na yule mdogo utamwachia nani? Nikuje Jumatatu nilale kwenu nibaki naye? Nijibu leo nijue kama nitatafuta gari.

Wako,
Atieno