Kabla ya kununua shawa ya kubana maji, pima presha ya tangi lako

Mhariri,

Matangazo ya vichwa vya shawa vya kubana maji yamejaa madukani na mitandaoni, na sisi mafundi bomba tunaulizwa kila wiki kama vinafaa. Vipo nyumba ambamo vinafaa sana, na zipo nyumba ambamo ni hasara tupu. Kinachoamua ni presha ya maji, na hilo maboksi hayasemi. Tunaomba nafasi tulieleze.

Chukua boksi lililoandikwa 2.5 GPM. Maana yake ni galoni mbili na nusu za Marekani kwa dakika, yaani lita 9.5. Hicho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa kisheria Marekani tangu 1994, na hupimwa kwa presha ya PSI 80, karibu bar 5.5. Sasa njoo kwenye simtanki. Kila mita 10 za kimo cha maji huzaa bar 1. Tangi likikaa kwenye mnara wa mita 3, na kichwa cha shawa kikiwa mita 2 kutoka chini, tofauti ni mita 1 tu. Tangi likijaa, ongeza pengine mita moja na nusu. Jumla mita 2.5, sawa na bar 0.25. Presha ikishuka mara nne, maji yanayopita kwenye tundu lile lile hupungua nusu. Ukipiga hesabu hiyo kutoka bar 5.5, kichwa cha lita 9.5 kitakupa kama lita 2 kwa dakika. Mtu atasimama robo saa akisubiri povu limtoke, halafu atakifungua kichwa na kurudi kwenye ndoo na kopo. Na mwenye ndoo na kopo tayari ni mbanaji hodari: wengi huoga kwa lita 15, wakati shawa ya lita 7 kwa dakika humaliza lita 42 kwa dakika sita.

Kwa hiyo pima kwanza. Chukua ndoo yenye alama ya lita 10, fungua shawa yako ya sasa hadi mwisho, hesabu sekunde mpaka maji yafike kwenye alama. Gawanya 600 kwa sekunde hizo, utapata lita kwa dakika. Sekunde 40 ni lita 15, sekunde 60 ni lita 10, sekunde 100 ni lita 6. Ikijaa chini ya dakika moja, unacho cha kuokoa. Ikipita sekunde 100, weka hela yako mfukoni. Pima saa ambayo watu wenu huoga, maana maji ya bomba la mtaa alfajiri si yale ya saa mbili usiku.

Kwa wenye maji ya kasi au pampu faida ni ya kweli. Watu watano, kila mmoja dakika sita kwa siku, shawa ya lita 12 kwa dakika: lita 360. Ukiishusha hadi lita 7, ni lita 210. Kwa siku 30 umeokoa lita 4,500, yaani uniti nne na nusu za mita. Ila mwenye pampu inayojiwasha yenyewe aangalie: maji yakipita kidogo mno, pampu huwaka na kuzima mfululizo, na swichi yake haitadumu.

Dukani fungua boksi utazame ndani. Vichwa vingine vina kipande cha plastiki chenye tundu moja lisilobadilika, vingine vina mpira mdogo wa duara unaojibana presha inapopanda na kulegea inaposhuka. Nyumba ambayo presha haitulii itafute ya mpira. Ile ya plastiki mara nyingi huchomoka kwa bisibisi nyembamba, na hapo una kichwa cha kawaida ulichokinunua kwa bei ya juu.

Kufunga ni kazi ya dakika kumi, lakini hapo ndipo vigae vya watu huharibika. Funga vali. Kabla ya kuzungusha kichwa cha zamani, shika mkono wa bomba unaotoka ukutani kwa spana ya pili, la sivyo utazungusha elbo (kona ya bomba) iliyo ndani ya ukuta na maji yatavuja nyuma ya vigae bila wewe kujua. Safisha nyuzi za mkono huo wa bomba kwa mswaki. Fungulia maji sekunde chache kichwa kikiwa hakipo, hasa baada ya mgao, mchanga na kutu vitoke. Zungusha tepu nyeupe kufuata saa, mara tano, kisha kaza kwa mkono na umalizie robo mzunguko kwa spana juu ya kitambaa. Penye wosha ya mpira hapahitaji tepu. Shawa ikidondosha dakika mbili tatu baada ya kufungwa, hayo ni mabaki ya ndani ya kichwa. Ikidondosha usiku kucha, kagua koki, kichwa hakina kosa.

Maji ya visima vya pwani huacha chokaa, na matundu membamba huziba mapema. Jaza siki nyeupe kwenye mfuko wa plastiki, ufunge ukizunguka kichwa kwa saa mbili, kisha sugua kwa kidole. Usizibue kwa sindano, hupanua tundu na kupeleka maji pembeni.

Na shawa za umeme. Tafadhali msifunge kichwa cha kubana kwenye mdomo wa shawa ya umeme. Ndani yake maji husukuma kiwambo cha mpira, kiwambo hugusisha swichi, umeme huingia kwenye koili. Shawa ya wati 4,500 ikipitisha lita 5 kwa dakika hupandisha joto nyuzi 13. Ikibanwa hadi lita 3 hupandisha nyuzi 21, na maji ya Dar yaliyoingia na nyuzi 27 yatatoka na 48, ambayo ni hatari kwa ngozi ya mtoto. Yakibanwa zaidi, kiwambo hakisogei na maji hutoka baridi, au koili inaungua. Shawa hizi zenyewe hutumia maji kidogo. Hazina haja ya kubanwa. Hela hiyo ipeni kazi ya kukagua waya wa erthi.

Ombi letu kwa TBS, shirika la viwango la Tanzania, na wenzao wa KEBS wa Kenya: kila boksi la kichwa cha shawa lionyeshe kwa Kiswahili lita kwa dakika katika bar 0.2, bar 1 na bar 3. Namba tatu tu. Na wauzaji, kabla ya kupokea pesa, wamuulize mteja tangi lake limekaa mita ngapi juu ya bafu.

Mafundi bomba,
Dar es Salaam