Jina lako liwe mlangoni: barua kwa mwanangu aliye Leipzig

Unguja, Oktoba

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Shikamoo yako ya juzi tumeisikia kwenye ujumbe wa sauti, na bibi yako ametaka arejeshewe mara mbili. Sote wazima, alhamdulillahi. Tangu ufike huko Ujerumani kusomea kazi ya wodini umeuliza mengi: jiko, baridi, pesa, simu za jamaa. Nitayafikia. Kwanza lile usiloliuliza.

Teremka ngazi ukaangalie kama jina lako limeandikwa kwenye sanduku la barua na kwenye kengele ya mlango wa nje. Anuani za Ujerumani kwa kawaida hazina namba ya chumba. Tarishi anafika kwenye jengo lenye familia ishirini, anatafuta jina, na asipoliona barua inarudi ilikotoka bila ya wewe kujua kitu. Andika lile la mwisho kwenye pasi yako, yaani la babu yako, kwa herufi zile zile za kwenye pasi, maana huko ndilo linalohesabiwa kuwa la ukoo. Utaitwa kwa jina la babu kila pahala, zoea tu. Mkiwa watatu kwenye nyumba moja, majina yawe matatu.

Nalishikilia hili kwa sababu huko mambo makubwa huja kwa karatasi. Kadi ya benki huja kwa barua moja, namba yake ya siri kwa barua nyengine siku nyengine. Kadi ya bima ya afya nayo huja kwa barua. Namba yako ya kodi ya mapato hutumwa wiki chache baada ya kujiandikisha makaazi, na mwajiri asiyeipata anaweza kukukata kodi kwa daraja la juu kabisa. Kujiandikisha kwenyewe, wanakokuita Anmeldung, ni ndani ya wiki mbili tangu uhamie, nako kunataka pasi pamoja na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kuwa umehamia kwake. Mkataba wa kupanga peke yake hautoshi. Wengi hurudishwa dirishani kwa hilo. Ukihama chumba, unaanza tena.

Bahasha ikija ya manjano, usiitupe hata ukishaisoma barua. Juu yake posta huandika tarehe iliyoletwa, na muda wa kujibu unahesabiwa tangu hapo, si tangu siku uliyoifungua. Halafu kuna barua inayowababaisha wageni, ya ada ya redio na televisheni. Si matapeli. Ni euro 18.36 kwa mwezi kwa nyumba nzima, hata kama hamna televisheni. Kwa watatu ni euro 6.12 kila mmoja: mmoja wenu ajisajili, na wengine wakiandikiwa wajibu kwa kutaja namba ya mwenzao anayelipa.

Sasa baridi. Umesema umeona madoa meusi kwenye pembe, nyuma ya kabati. Hiyo ni koga, na haijaja kwa sababu wewe ni mchafu. Huku nyumba inapumua usiku na mchana. Hata ukifunga madirisha upepo unapita. Dirisha la huko lina mpira pande zote, likifungwa limefungwa. Mvuke wa sufuria, wa kuoga, wa nguo unazoanika chumbani na hata wa pumzi zako unabaki ndani, unatafuta pahala penye baridi kuliko pote, ukifika hapo unageuka maji. Pembe ya ukuta wa nje nyuma ya kabati ndipo penyewe, kwa kuwa joto la hita halifiki. Livute kabati mbele kiasi cha sentimita 10 hewa ipite. Kila asubuhi na kila jioni funga hita, fungua madirisha wazi kabisa kwa dakika 5 mpaka 10, na la upande wa pili kama lipo ili hewa ikate, kisha funga na uwashe hita tena. Usiliache dirisha limeinamishwa juu kidogo mchana kutwa. Hewa haibadiliki ya maana, ukuta unapoa, koga inafurahi.

Ile namba kwenye kifundo cha hita haisemi kasi. Namba 3 ni kama nyuzi 20. Ukiweka 5 chumba hakipati joto haraka zaidi, ila hita haitoacha mpaka pawe kama Forodhani saa saba mchana. Na pesa ya joto unayolipa kila mwezi ndani ya pango ni ya kutanguliza tu. Hesabu kamili inaletwa mara moja kwa mwaka, na mwenye nyumba ana miezi 12 baada ya mwaka wa hesabu kwisha, kwa hiyo deni la Januari ijayo linaweza kukufikia ukiwa umeshalisahau. Weka pembeni euro 15 au 20 kila mwezi mwaka huu wa kwanza.

(Ukipata Jumapili tulivu, panda tramu uende Grünau, uyatazame maghorofa yao marefu yaliyopangwa safu safu. Ramani ya maghorofa yetu ya Michenzani, hapa Unguja, ilichorwa na Wajerumani wa Mashariki miaka ya 1960. Utajihisi unaelekea kwa mama mdogo.)

Udi. Najua umebeba, na chetezo umebeba. Mkaa usiuwashe ndani ya nyumba hiyo hata kipande kimoja. Moshi utaamsha king'ora cha darini, na hiyo ndiyo hasara ndogo. Kubwa ni hewa ya mkaa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huku inatoka dirishani na huko inabaki na wewe mpaka inakulaza. Nunua chetezo cha umeme, weka kibanzi kidogo, fungua dirisha, ufukize nguo zako.

Tuje kwenye wali, maana sauti yako ilipofika hapo ilikuwa ya kulia. Umeungua chini, juu mbichi. Kosa si lako wala si la mchele. Tui la kopo ni zito kuliko letu la kukamua, na jiko la kioo haliwi baridi pale unapolizima. Linaendelea kupika dakika kadhaa. Soma kopo kwanza: liwe na nazi na maji, na nazi ikaribie asilimia 60 au zaidi. Kopo lililokaa pahala pa baridi tui huganda juu na maji hubaki chini. Litie kwenye maji ya moto robo saa, litikise, ndipo ulifungue. Kwa vikombe viwili vya mchele wa basmati, kiasi cha gramu 400, osha mpaka maji yakaribie kutoka safi, roweka dakika 20, chuja. Kopo moja la mililita 400, maji mililita 300, chumvi, iliki mbili. Vichanganye vyote hivyo na uchemshe bila ya mchele huku unakoroga, ili tui lisikatike. Likichemka tia mchele, koroga mara moja tu, punguza moto mpaka namba 4 kati ya 9, acha wazi. Tui likishafikiana na mchele na vishimo vikaanza kuonekana juu, hapo ndipo huku tungepalia makaa juu ya mfuniko. Wewe una joko: liwe limeshapata moto wa nyuzi 150. Funika sufuria, iingize dakika 15. Moto unaizunguka kote, juu na chini, kama makaa. Sufuria isiwe na mkono wa plastiki, na ukiitoa shika kwa kitambaa kikavu, si kibichi. Kitambaa chenye maji kinapitisha moto mkononi papo hapo. Ukoko wa chini ukiwa wa dhahabu, umepata. Ukiwa mweusi, usiuchokoe. Pakua wa juu, roweka sufuria.

Koti lako lisitundikwe karibu na jiko, la sivyo utaingia wodini unanukia mchuzi wa pweza, harufu nzuri pahala pasipostahiki.

Mafuta ya nazi niliyokupa yameganda meupe kwa sababu yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi. Hayajaharibika. Yasugue kwenye viganja, yapake ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga. Viatu vya baridi nunua vyenye nafasi ya soksi nene. Kiatu kinachobana kinaleta baridi zaidi, si joto.

Kuhusu mzigo: shangazi yako anataka kumpa msafiri samli ya Pemba, maembe na nyama ya kukausha. Nimemzuia. Vitu vya nyama na vya maziwa haviruhusiwi kuingizwa na msafiri kutoka huku, na samli ni maziwa. Matunda mabichi yanataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Kwa hiyo embe litaishia kwenye pipa la uwanja wa ndege, nazi itapita. Dagaa wakavu wanapita pia, samaki wanaruhusiwa mpaka kilo 20, ila nitawafunga mara tatu kwa heshima ya masanduku ya wasafiri wengine. Kwa posta, zawadi yenye thamani isiyozidi euro 45 haitozwi ushuru, na lazima niandike kila kilichomo pamoja na bei. Ukiona nimeandika "karafuu gramu 200", usicheke.

Simu. Jumapili ya mwisho ya mwezi huu saa zenu zinarudi nyuma: saa tisa usiku inakuwa saa nane, na aliye zamu ya usiku siku hiyo anafanya kazi saa moja zaidi. Toka hapo mpaka Jumapili ya mwisho ya Machi tutapishana saa mbili badala ya moja. Tukishaswali isha, saa mbili usiku ya huku, kwako itakuwa saa kumi na mbili jioni. Ujue pia kuwa saa zetu za kuhesabu kwa jua zitakuchanganya: mwezi wa Disemba jua la Leipzig linazama saa kumi, na Juni ni saa tatu na nusu usiku. Usipime njaa wala usingizi kwa mwanga wa dirishani, tazama saa.

Ratiba ya zamu ikitoka, ipige picha uniletee, nami nitaibandika kwenye friji. Watu hawakasiriki kwa kuwa hukupokea. Wanakasirika kwa kuwa hawajui kama umelala au umewadharau. Kwa jamaa wengine, ujumbe wa sauti wa dakika moja mara moja kwa wiki, umtaje mtu kwa jina na umuulize kitu kimoja anachokifanya, unafaa kuliko salamu za jumla kila siku.

Pesa. Miezi mitatu ya mwanzo usitume kitu, na hili nimeshawatangazia. Una dhamana ya nyumba ya kulipa. Sheria inakuruhusu uilipe kwa mafungu matatu ya kila mwezi, na isizidi pango la miezi mitatu bila ya gharama za joto na maji. Baadaye chagua kiasi kimoja na tarehe moja, siku mbili tatu baada ya mshahara. Usitazame ada ya kutuma peke yake. Kampuni nyengine inasema haina ada halafu inakupunja kwenye kiwango cha kubadilisha. Siku moja, euro ile ile 50, linganisha shilingi zitakazofika. Jina la mpokeaji liwe kama lilivyosajiliwa kwenye laini yake, si lile tunalomwitia nyumbani, la sivyo pesa zitakwama.

Ombi likija kwa simu, usijibu ndiyo wala hapana. Sema, "Nimekusikia ami, nitatazama hesabu yangu nikujibu Jumapili." Nusu ya maombi hayafiki Jumapili. Yaliyofika, yalete kwangu kwanza. Hapana ya mama yako inasahauliwa kabla ya Idi, yako watakuwekea.

La mwisho ni zito na sitaki likukute ghafla. Habari ya msiba hutaisoma kwenye kundi la familia. Nimewakataza. Nitapiga mimi, nitauliza kwanza uko wapi na nani yuko karibu nawe. Kuzika kwetu hakungoji, na safari ya kutoka huko kwa kuunganisha ndege inakaribia siku nzima, kwa hiyo maziko huenda usiyawahi. Usiende kukopa tiketi usiku huo huo. Hitima utaiwahi, au utakuja likizo tukazuru kaburi pamoja. Likizo ya msiba huko ni siku chache, na kwa bibi au ami huenda usipewe kabisa. Iulize skuli sasa, ukiwa na akili tulivu. Kadi yako ya ukaazi na pasi zikae pahala pamoja, na utazame tarehe ya kwisha ya kila moja, maana bila ya kadi hiyo kurudi huko kutakuwa kazi.

Jumapili tupigie ukiwa jikoni. Iegemeze simu kwenye chupa ya mafuta, isikae mkononi, maana bibi yako kizunguzungu kinamshika picha ikitikisika, na sema pole pole karibu nayo. Amesema uso wako ameshauona. Anataka uigeuze simu aone ukoko.

Mama yako