Barua kwa mwanangu kuhusu Hybrid Theory

Mwanangu mpendwa,

Shangazi yako ameniambia kwamba siku hizi unasikiliza lile kundi la roki la Linkin Park, na wenzako shuleni wanakucheka kuwa ni kelele za wazee. Nimefurahi mno. Albamu yao ya kwanza, Hybrid Theory, ilitufikia nikiwa na umri kama wako, na bado nina mengi ya kuisemea.

Ilitoka Marekani tarehe 24 Oktoba 2000: nyimbo 12, zote pamoja hazifiki dakika 40. Huo ulikuwa wakati wa nu metal. Korn, vijana wa Bakersfield, California, walikuwa wamefungua njia tangu 1994, na Limp Bizkit wakavuma kote kufikia 1999. Magitaa mazito, midundo ya hip hop, DJ akikwaruza santuri. Mengi ya makundi hayo sikuyapenda na hadi leo siyapendi. Matusi yalizidi, na baadhi ya mashairi yaliwadharau wanawake waziwazi.

Linkin Park walibeba magitaa yaleyale, lakini katika albamu nzima hutasikia tusi hata moja. Hilo lilinigusa kuliko kelele zenyewe. Mtu mwenye hasira akinyimwa tusi, inambidi aseme kinachomuuma. Sikiliza "Crawling", wimbo uliowapa tuzo ya Grammy mwaka 2002. Mwimbaji wao, Chester Bennington, alieleza kuwa unahusu kushindwa kujitawala mbele ya ulevi na dawa za kulevya. Alisema pia hadharani kwamba alidhalilishwa kingono utotoni. Sisi wavulana tuliambiwa jikaze, mwanamume halii. Kumsikia mwanamume akikiri kwa sauti ile kwamba amelemewa, kwangu lilikuwa jambo jipya kabisa.

Na hayuko peke yake, mwanangu, hapo ndipo ninapotaka utege sikio. Mike Shinoda anachana mistari kwa utulivu, kama mtu anayesimulia kisa barazani, halafu Chester anampokea na kupasua. Katika "In the End" huwezi kumtoa mmoja wimbo ukabaki. Hata DJ wao, Joe Hahn, alipewa nafasi yake, "Cure for the Itch", santuri na midundo tupu bila mwimbaji.

Chester alijitoa uhai tarehe 20 Julai 2017, akiwa na miaka 41. Tangu hapo wapo wanaoisikiliza Hybrid Theory kama utabiri wa kifo chake. Nakataa, tena kwa moyo wote. Aliyerekodi nyimbo zile alikuwa kijana wa miaka 24 anayepigania kuishi, na watu wengi sana walizishika nyimbo hizo wakapita usiku wao mgumu. Ukilemewa na wewe, usiishie kwenye hedfoni. Njoo kwangu, au kwa mama, saa yoyote, hata kama huna maneno ya kuanzia.

Najua utaniuliza kuhusu Emily Armstrong, anayeimba nao tangu 2024. Mimi nampenda. Hajaribu kuwa Chester.

Ukija likizo, njoo na zile hedfoni zako. Kuna mahali katika "A Place for My Head" ambapo sauti inashuka hadi mnong'ono, kisha inapanda kidogo kidogo mpaka kila kitu kinalipuka. Nataka nikuone usoni ukiwa unapasikiliza.

Baba yako